Kaa Mpanda Mikoko na Michoro Yangu ya Uongo

Ipo siku moja ambayo sijaweza kuisahau, mwanangu, ingawa umri huu umenisahaulisha mengi. Ni siku ambayo mzee mwenye mtoto wa jicho aligundua kosa nililolificha mimi, msichana wa miaka kumi na tisa, mwenye macho mazima kabisa.

Mimi ni mzaliwa wa Kolo, kule Kondoa. Tangu utotoni nilikuwa mtu wa kuchora. Nilichora kwa mkaa ukutani, nilichora kwa kijiti mchangani, na mama alinichapa zaidi ya mara moja kwa kumchafulia nyumba. Nilipomaliza kidato cha nne, shangazi yangu aliyekuwa mfanya usafi katika chuo kimoja Dodoma mjini alisikia kuna mzee anatafuta mtu wa kumchorea. Akaniita. Nilikwenda nikidhani nitachora ramani, au labda picha za wakubwa. Nikakuta kaa.

Mzee huyo aliitwa Chilongani, Mgogo wa Haneti, mrefu, mpole, asiyevua koti lake la kijivu hata jua likiwaka namna gani. Alikuwa amestaafu kufundisha biolojia, lakini chuo kilimwachia chumba kidogo, na humo alikuwa na hadubini moja na chupa za kaa waliohifadhiwa kwenye spiriti. Watu walimtania sana. "Mgogo na kaa wapi na wapi, mzee? Kwenu hata mto wenyewe una maji miezi michache tu!"

Naye hujibu akicheka, "Ndiyo maana nawashangaa. Ningezaliwa pwani ningewapita tu."

Na kweli alinifundisha kuwashangaa. Mimi bahari nilikuwa sijaiona hata siku moja, lakini alivyosimulia niliiona. Aliniambia kuna kaa wadogo, hawazidi kiberiti, wanaoishi kwenye mikoko. Kunapopambazuka wanaupanda mti, mamia kwa mamia, hadi kwenye matawi ya juu, wakale majani. Jua likizidi wanashuka kulowanisha matamvua yao ya kupumulia chini kwenye mizizi, halafu jioni wanapanda tena. Akanionyesha ncha za miguu yao kwenye hadubini, fupi na kali kama sindano. "Kwa hizi," alisema, "mnyama wa majini anaishi juu ya mti. Nimewatazama miaka mingi, binti, na bado sijachoka."

Sasa shida yake ilikuwa hii. Alipokuwa kijana, kule pwani alikokwenda kuwakusanya, aliona kwamba baadhi ya kaa hao wanafika hadi kwenye majani ya juu kabisa, na wengine wanaishia kwenye shina. Wote walionekana sawa, na wote waliitwa kwa jina moja. Yeye alihisi ni aina mbili. Kuhisi hakutoshi, lazima uonyeshe tofauti ya mwili. Tofauti aliyoitegemea ilikuwa kwenye gando la dume. Juu ya kidole cha gando kinachofunga na kufungua kuna safu ya vinundu vidogo mno, na idadi yake husaidia kuitambua aina. Lakini macho yake hayakuweza tena kuvihesabu. Kazi yangu ilikuwa kuchora madume ishirini na sita, mmoja mmoja, ili michoro itumwe kwa bingwa mmoja nje ya nchi atoe uamuzi.

Watano wa kwanza niliwachora kwa uaminifu. Kila mmoja alikuwa na vinundu saba. Nikamwambia mzee, akaitikia kwa kichwa tu, na nikadhani amefurahi. Wa sita nikahesabu kumi na vitatu. Nikahesabu tena, kumi na vitatu. Nikajiambia macho yamechoka, au kaa huyu ana kasoro. Michoro yangu ilikuwa safi, inafanana, watu wa chuoni walikuwa wamekuja kuisifu, na huyu mmoja alikuwa anakuja kuniharibia. Nikachora saba.

Mwanangu, uongo wa kwanza ndio uliokuwa mzito. Baada ya hapo sikuhesabu tena. Miili niliichora mmoja mmoja, lakini magando yote niliyanakili kutoka kwenye mchoro wa kwanza. Nikamaliza siku mbili kabla ya wakati, nikapongezwa.

Asubuhi ya kufunga bahasha, mzee alimtoa kaa mmoja kwenye chupa. Hakuwa ananishuku, nadhani alitaka tu kumshika mara ya mwisho. Akachukua pini, akafumba macho, akaipitisha taratibu juu ya lile gando. Ikawa inagonga, tik, tik, tik. Midomo yake ilikuwa inahesabu. Mimi nimesimama pale, nahesabu naye.

"Huyu ni namba ngapi?" akauliza.

"Kumi na tisa, mzee."

"Umemchorea vinundu vingapi?"

"Saba."

Akarudia na pini. "Mimi napata kumi na vitatu."

Ningeweza kusema kidole chake kimekosea. Yeye mwenyewe aliniachia nafasi hiyo, maana aliiweka pini mezani akaningoja. Nikaanza kulia, nikamweleza yote.

Hakupandisha sauti. Alisema, "Binti, mimi sikukuomba picha nzuri. Nilikuomba uniambie alivyo. Kaa huyu hawezi kujisemea. Ukimchora usivyomwona, umemfuta."

Nikakamata michoro niichane. Akaizuia kwa kiganja. "Usichane. Andika juu ya kila mmoja kwamba si sahihi, na uweke jina lako. Kesho saa mbili uwe hapa tuanze upya."

Nilikuwa nimejiandaa kurudishwa Kolo. Badala yake tulikaa wiki tatu, mimi kwenye hadubini, yeye na pini yake, kila kaa tukimhesabu mara mbili. Wanane kati ya wale ishirini na sita walikuwa na vinundu vingi. Tulipotazama kwenye vibandiko vya chupa walikookotwa, wote wanane walitoka kwenye mashina. Mzee alisimama akapiga kofi moja mezani, chupa zikatikisika. Kwenye barua aliyonisomea kabla ya kuituma aliandika kwamba kazi imechelewa kwa sababu michoro ya kwanza ilikuwa na makosa, na kwamba makosa hayo ni yake, hakukagua.

Jibu lilikuja baada ya miezi kadhaa. Ndiyo, ni aina mbili. Ila ile ya pili haikuwa ngeni duniani. Ilishapewa jina zamani, watu walikuwa wameichanganya tu na mwenzake. Mimi nilinywea, nilitaka tuwe wagunduzi. Mzee alifurahi kama mtu aliyepata mjukuu. "Kumbe ana jina lake!" alisema. "Vizuri sana. Tumemrudishia."

Baadaye niliwachorea wakulima wa Makutupora majani ya mizabibu yenye magonjwa, miaka mingi, na sikuwahi tena kuchora doa ambalo sikuliona wala kuacha nililoliona. Yule mzee ndiye aliyenifunza.

Basi nakuusia, mwanangu, iwe kazi yako ni ya ofisini, shambani au hospitalini: andika ulichokiona, hata kama kinakuharibia mpangilio wako. Kinachokataa kufanana na vingine, kitazame mara mbili kabla ya kukilazimisha. Ukikosea, usichane karatasi. Weka jina lako juu ya kosa uanze tena. Na siku utakapokuwa na mtu chini yako akakosea, mwite kesho yake saa mbili.

Mwenyezi Mungu akujalie kazi unayoipenda, akupe ulimi mwepesi wa kusema "hapa nilikosea," na akukutanishe mapema na mtu wa kukuonya kwa upole, kama nilivyoonywa mimi.