Kwenda Doha Kumleta Projestus

Nilikwenda Doha kwa sababu Mama alikataa msingi usichimbwe. Nyumba yetu ilikuwa imeanguka alasiri ile ya Jumamosi, mwaka 2016, tetemeko lilipoipiga Kagera, na ukuta wa chumba chake ukalalia kitanda. Mungu alimweka uani akimenya ndizi. Tangu siku hiyo tuliishi chini ya turubai la msaada, Mama na mimi na cherehani yangu. Majirani walikuja na majembe kujitolea. Mama aliwapa kahawa ya kutafuna, akawashukuru sana, akawarudisha makwao. Hakuna kuchimba, alisema, mpaka Projestus aje aonyeshe nyumba ikae wapi. Msomaji asije akadhani hiyo ni mila ya Wahaya. Ulikuwa ukaidi wa Mama, basi.

Projestus ni mdogo wangu, mtoto wa kiume pekee wa Mama, na anafanya kazi ya dobi kwenye hoteli huko Doha. Mwaka mmoja kabla ya tetemeko letu alitarajiwa nyumbani kwa likizo, na Mama akamfugia beberu mnono. Siku zilipokaribia akapiga simu: kazi imebana, hatakuja. Mama akamuuza beberu kwa hasira, na tangu hapo jina la mwanawe akawa analitaja midomo imekaza. Hata simu zake alizipokea kwa shingo upande. "Simu haina macho," alikuwa akisema, kisha ananipa mimi niongee.

Basi Projestus aliponitumia tiketi na kuniombea viza ya utalii kupitia hoteli yake, kila mtu alikuwa na safari yake kichwani. Yeye aliniambia, "Dada, njoo uone wenzangu wa Nepal wanavyojenga, nyumba ya Mama isije ikaanguka tena." Mama akaniambia, "Nenda kamlete." Nikaitikia huku na huku, nikafunga sanduku.

Mutukula nilivuka mpaka mapema, nikaingia Uganda, maana kwa sisi wa Bukoba njia ya Entebbe ndiyo ya mkato. Sanduku langu lilikuwa karibu tupu. Ndani mlikuwa na gauni la kanisani, kandambili, na kifurushi cha akamwani, ile kahawa yetu ya kuchemsha na kukausha, ambacho Mama alikifunga mwenyewe kwenye ganda la mgomba. Uwanjani Entebbe ofisa wa ukaguzi alikifungua, akakinusa, uso ukamchangamka. Akaomba punje mbili. Nilimpa, nikajiambia safari iliyoanza na mtu anayetafuna kahawa ya Mama haiwezi kuwa mbaya.

Doha tulitua asubuhi. Nilitarajia joto la kuunguza, kumbe mwezi wa pili kuna ubaridi mzuri, na nikajilaumu kwa kuliacha sweta. Uwanja wa ndege unang'aa mpaka unaogopa kukanyaga. Projestus alikuwa amesimama nje ya mlango, amekonda, nywele zimeanza mvi pembeni. Nilimkumbatia nikalia kama mjinga mbele za watu. Alipouliza hali ya Mama nikamjibu kwamba hajambo, na amenituma nimrudishe, ikibidi mgongoni. Alicheka, lakini hakuniangalia usoni.

Al Sadd ndiko iliko hoteli yao, mtaa wa maduka na migahawa isiyofungwa, magari hayaishi. Wafanyakazi hupunguziwa bei ya chumba, hivyo mimi, mtu wa kutoka chini ya turubai, nilipewa kitanda cha kulala watu wanne na mito mingi ambayo sikujua kazi yake. Nililala ukingoni. Shuka zilikuwa zimenyooka, safi kabisa, na kwa jicho la fundi cherehani nilizikagua pindo zake moja moja, nikijua zimepita mikononi mwa mdogo wangu. Nilijisikia fahari, kusema kweli.

Ijumaa, ambayo huko ndiyo siku ya mapumziko, tulipanda basi kwenda Mesaimeer. Makanisa yote yamekusanywa ndani ya uzio mmoja, na nje huoni msalaba. Ndani sasa! Wakenya, Waganda, Watanzania, Wafilipino, Wahindi, kila ukumbi na wimbo wake. Kwenye misa ya Kiswahili nilisimama kati ya walinzi, madereva na madada wa kazi za ndani, nikaimba mpaka sauti ikakauka. Walipojua natoka Bukoba walinizunguka kuuliza mitaa kwa majina. Dada mmoja wa Kenya alinishika mkono akasema tu pole, akakaa nao muda mrefu.

Kutoka Mesaimeer tulikwenda wanakoishi wafanyakazi wa hoteli. Getini alikuwa mlinzi Mkenya, Wafula, jitu refu lenye meno ya furaha.

"Karibu sana, mathe! Huyu Projo ametusumbua, oh sista yangu anakuja, oh sista yangu. Sasa, kwa rooms wanawake hawaruhusiwi, sheria ni sheria, lakini hapo mess mtakaa poa."

Mess ni banda la kulia chakula, lipo uani. Hapo ndipo nilipomkuta Bishnu, Mnepali mfupi mpole, mwenzake Projestus kwenye mashine za dobi. Kwao kulipigwa na tetemeko kubwa mwaka 2015, kubwa kuliko letu. Alisimama, akaunganisha viganja kifuani, akasema, "Dada, pole na nyumba." Kiswahili hicho alifundishwa na Projestus, na kiliishia hapo, yaliyobaki walizungumza Kiingereza chao cha kazini kilichochanganyika na Kiarabu, Projestus akanitafsiria.

Bishnu hakuwa mtu wa maneno mengi. Alileta maboksi matupu ya sabuni ya unga, akayapanga juu ya ubao kama tofali, kuta nne, akaacha nafasi ya mlango na dirisha. Akamwomba Wafula, aliyekuwa amemaliza zamu, autikise ubao. Wafula aliutikisa kidogo tu na nyumba yote ikamwagika chini. Watu wakacheka. Bishnu akajenga upya, safari hii akazungusha kamba, ile ya kufungia mizigo ya safari: mzunguko mmoja chini kabisa, mwingine chini ya dirisha, wa tatu juu ya mlango, na kila kwenye kona akaikaza.

"Dada, tikisa wewe," akasema kupitia kwa Projestus.

Niliushika ubao. Maboksi yalipoanza kucheza niliuachia, nikasikia tena ule mngurumo wa Jumamosi na vumbi la ukuta wa Mama. Niliona aibu, lakini hakuna aliyenicheka. Bishnu alinisubiri. Nikatikisa tena, kwa nguvu na kwa hasira, kama anayemtikisa adui. Nyumba ilipinda huku, ikapinda kule, ikabaki imesimama. Linta, ule mkanda wa zege na nondo unaozunguka ukuta, sisi tunaijua, ila kwetu wengi huiweka ya juu peke yake, na wakibanwa hawaiweki kabisa. Suruali yenye mkanda haivuki, nikasema, na hii imevaa mikanda mitatu. Projestus alipotafsiri, Bishnu alicheka mpaka akashika mbavu.

Tulipokuwa tunakula wali na dengu, Wafula akaanza kunisimulia mwaka wa tetemeko la Nepal. Jinsi wale jamaa walivyokuwa wanapiga pasi huku machozi yanadondoka. Kila aliyekuwa anakwenda likizo aliacha zawadi zake zote, runinga na manukato, akajaza kilo zake maturubai na mablanketi ya wenzake. Hata Wakenya na Wafilipino walizunguka madukani siku zao za mapumziko kutafuta maturubai mazito.

"Na huyu wako ndiye alifanya ile kubwa, mathe. Si alimpea Bishnu likizo yake?"

Nikamwuliza likizo gani.

"Kwani hakuwaambia?" Wafula aliacha kutafuna.

Niliambiwa yote hapo hapo. Kwenye dobi lao likizo ya kwenda nyumbani ni mara moja kila miaka miwili, na huondoka mmoja mmoja kwa zamu. Tetemeko lilipotokea Nepal, Bishnu ndiyo kwanza alikuwa amerudi kutoka likizo. Mke wake na mzazi wake wakawa wanalala shambani kwenye mvua, na yeye hana zamu. Zamu iliyokuwa inafuata ilikuwa ya Projestus. Akaitoa. Bishnu akaenda, akaijenga nyumba yake kwa mikanda mitatu, akarudi kazini. Na kule Bukoba, Mama akamuuza beberu.

"Kwa nini hukusema, Projestus?" Sauti yangu ilipanda mpaka watu wa meza nyingine wakageuka.

"Ningemwambiaje Mama kwamba nafasi ya kuja kumwona nimempa mtu? Bora anikasirikie mimi."

Niliweka kijiko chini. Kwa miaka hiyo nami nilikuwa nimemsema sana, na Mama akiwa anasikia. Nilitaka kumpiga kofi na kumbusu kwa wakati mmoja.

Bishnu alikuwa anatusoma nyuso. Akaongea na Projestus, naye akatikisa kichwa. Akaongea tena. Projestus akasimama, akaenda zake kwenye bomba kunawa mikono ambayo ilikuwa safi. Ni Wafula aliyenifafanulia. Mwaka huu zamu ya Bishnu ilikuwa mwezi wa tatu, kabla ya masika yetu, na ya Projestus ilikuwa mwishoni mwa mwaka. Bishnu alitaka wabadilishane. Tangu nyumba yetu ilipoanguka amekuwa akimwambia, na Projestus amekuwa akikataa.

"Anakataa kwa nini?"

Bishnu aliielewa sauti hata kama hakuyaelewa maneno. Akatoa simu, akanionyesha picha ya mtoto wa kike, mashavu mekundu, kofia ya sufu. Alizaliwa baada ya baba yake kurudi Doha kutoka kujenga. Hajawahi kumbeba.

Sasa hapo niliona ugumu. Mimi niliyetumwa kumleta mtu, nikajikuta sitaki aje. Projestus aliporudi mezani nilimwambia amwache mwenzake akamwone mtoto, nitajua la kumwambia Mama. Akamtafsiria. Bishnu alituangalia wote wawili kama watoto wakorofi, akajibu polepole, na Projestus akarudia kwa Kiswahili huku macho yakiwa chini.

"Anasema nyumba yake imesimama, mtoto wake amelala pakavu. Yeye anaweza kungoja. Turubai la Mama haliwezi kuingoja mvua." Kisha akaongeza, "Anasema, khalas, yamekwisha, kesho anakwenda kwa mudir."

Siku iliyofuata walikwenda wote wawili kwa mudir, yaani msimamizi wao, naye akakubali. Jioni Projestus alikifungua kifurushi cha Mama, akampa Bishnu punje. Akaitafuna, uso ukakunjamana kwa uchungu wa ile kahawa, lakini hakuitema. Siku ya kuondoka walinijazia sanduku mablanketi na turubai jipya zito, kila mmoja alileta chake, na Wafula akalifunga kwa ile kamba ya maonyesho.

Nyumbani nilifika peke yangu. Mama alichungulia nyuma yangu barabarani.

"Yuko wapi?"

Nikamkalisha nikamsimulia yote, kuanzia beberu. Nilipofika kwenye mtoto mwenye kofia ya sufu, aliinuka akaingia chini ya turubai, akakaa huko muda. Alipotoka macho yalikuwa mekundu. Aliuliza jambo moja tu, kama mama yake Bishnu yu hai.

Wiki zile za kumsubiri Projestus nilikusanya maboksi ya sabuni madukani, nikawaonyesha majirani kwenye uwanja wa kanisa. Fundi wetu wa mtaa aliutikisa ubao mwenyewe, mara tatu, akainama kuzitazama kona. Nyumba aliyofuata kuijenga, ya mjane wa jirani, aliizungushia mikanda yote mitatu. Watu walipokosa nondo za kutosha walichangiana, mwenye kipande akaleta kipande. Nimejifunza kwamba msaada si lazima uje na lori. Unaweza kuja mikononi mwa mtu ambaye naye alianguka, akasimama, na bado anakumbuka ilivyokuwa.

Mwezi wa tatu Projestus alishuka, na Mama akamshika uso kwa mikono miwili. Asubuhi iliyofuata majirani walikuja na majembe. Projestus akasimama kiwanjani, tayari kuonyesha. Mama akamzuia.

"Mpigie kwanza yule mwenzako. Hiyo simu yenye picha."

Nilidhani sikusikia vizuri. Bishnu alitokea kwenye kioo akiwa na sare ya dobi, mvuke wa mashine nyuma yake. Projestus akazungusha simu aone kiwanja, migomba, mteremko. Bishnu akasema tusogee juu kidogo, mbali na ule ukingo wa udongo laini. Tukasogea. Jembe la kwanza likaingia ardhini, na Mama akalishangilia kwa vigelegele kama siku ya harusi.

Kisha akaleta kikapu chake cha kahawa, akakinyoosha mpaka mbele ya simu, kama anavyomkaribisha mgeni yeyote anayeingia kwake. Bishnu akainamisha kichwa, akajifanya anachota. Mama akahesabu za Bishnu mbili, akazitia kwenye jani la mgomba. Akaongeza nyingine, akafunga.

"Hizo nyingine za nani?" nikamwuliza.

"Za yule mtoto aliyetuazima baba yake."

"Mama, yule hana hata meno ya kutafuna kahawa."

"Yataota," akasema, akampa Projestus kifurushi akitie mfukoni.