Magodoro ya Ukutani

Chumba changu cha kurekodia kilikuwa orofa ya juu katika nyumba yetu ya Mji Mkongwe, na kilikuwa na ugonjwa mmoja: ukipiga kofi moja, unarudishiwa manne. Kuta za mawe na chokaa, sakafu ya saruji, na mimi na rekoda yangu ya mikanda tumekaa katikati tukijiona tuna studio. Miaka ile ya mwanzo baada ya Mapinduzi nilirekodi marafiki wapiga udi, na kila mmoja alitoka akilalamika kwamba nimempigisha udi wake ndani ya birika la maji.

Mama yangu alikuwa somo, mwanamke anayefunda wari unyagoni kwa ngoma, na kwa nyimbo ambazo mwanamume hazisikii. Dada, aliyetakiwa kuirithi kazi hiyo, alikuwa ameolewa Pemba, na kifua cha mama kilikuwa kikizidi kumbana.

“Nnataka unitilie nyimbo zangu kwenye mkanda, umpelekee dada yako,” aliniambia. “Lakini wewe usizisikie.”

“Naam, mama,” nikajibu kama mjinga, bila kuuliza mtu hurekodi vipi kitu asichoruhusiwa kukisikia.

Nikakusanya magodoro ya sufi ya nyumba nzima. Nikayatundika ukutani kwa kamba za usumba, na moja nikalisimamisha kati ya ngoma na maikrofoni ili ngoma isiyameze maneno. Nikapiga kofi. Halikurudi hata moja. Nilifurahi peke yangu chumbani humo.

Siku yenyewe wakaja wanawake saba. Nikawasha rekoda, nikashuka, nikakaa kwenye baraza upande wa pili wa njia. Maneno hayafiki pale, lakini ngoma inafika. Nikasikia mapigo mawili matatu ya kujaribu, makavu, vile vile nilivyotaka. Kikafuata kimya. Kisha ngoma ikaanza kwa nguvu, ikavuma, na mimi nikajua papo hapo kwamba magodoro yameshuka.

Nikasimama. Nikakaa. Ningefanya nini? Kugonga mlango wa unyago? Nilikaa mpaka mkanda ulipokwisha, nimeshika tama, nikisikiliza kazi yangu ikiharibika.

Nilipoitwa juu niliwakuta wamekalia magodoro, jasho linawatiririka, wana furaha. Mama akaniuliza, “Umeyatundika ukutani, na wageni wangu wakae wapi?” Niliudhika. Lakini alikuwa na haki: nilikumbuka mwangwi, nikasahau mkeka. Nikamwomba turudie siku nyingine. Akakubali, ila pumzi ya kuimba haikumrudia tena.

Dada alikuja kwenye maziko ya mama, akabaki mpaka arubaini ikasomwa. Ndipo akajifungia chumbani mule na mkanda ule, na mimi nikasimama nje ya mlango nikimwelekeza.

“Iondoe spika pembeni. Isogeze mbali na ukuta.”

“Nshaisogeza. Ngoma tupu.”

“Ielekeze kwako.”

“Ipo masikioni mwangu, kaka. Namsikia anaimba, lakini neno hata moja silipati.”

Nikamwambia ayatundike tena magodoro. Akayatundika yote, namsikia anahema. Nilijua hayatasaidia, maana mwangwi ulikuwa umeshaingia ndani ya mkanda, lakini nilitaka tujaribu kila njia. Nyimbo zimekwenda na mwenyewe, na mimi ndiye niliyepewa kuzishika.

Baada ya muda akafungua mlango, macho mekundu. “Pale mwanzo pana maneno si ya unyago,” akasema. “Njoo usikie.”

Nikaingia. Akaurudisha mkanda mwanzo kabisa, magodoro yangali ukutani. Yakapita yale mapigo makavu ya kujaribu, kisha sauti ya mama ikatoka safi, hata filimbi ya kifua chake naisikia, kama amekaa mbele yangu: “Teremsheni hayo magodoro, wenzenu wakae.”

Dada akazima kabla ngoma haijaanza.