Siri ya Mchicha wa Jirani

Wiki hii nilibeba chupa ya maji ya kisima changu hadi maabara ya maji, nia yangu ikiwa moja tu: nijue kisima changu kimekosa nini ambacho cha jirani yangu hapa Kiseke kinacho, hata mchicha wake uchekelee huku wangu umenuna. Nikamkuta mwenyewe yuko mbele yangu kwenye foleni, mtoto mgongoni.

"Mama, maji yako yana naitreti nyingi," mtaalamu alimwambia. "Uchafu wa vyoo unashuka ardhini mpaka kisimani. Mchicha unaipenda kama mbolea, lakini mtoto mchanga inamdhuru."

"Mbona nayachemsha kabla ya kumkorogea maziwa?"

"Kuchemsha kunaua vijidudu. Naitreti inabaki palepale."

Mama akaushika mguu wa mtoto, akanigeukia taratibu. "Jirani, choo cha upande wa juu wa kisima changu si chako?"

Kumbe miaka yote naonea wivu mboga ninazozirutubisha mwenyewe.

Sasa natafuta fundi wa kuhamisha choo, na kila asubuhi nampelekea jirani ndoo mbili za maji ya bomba kwa ajili ya maziwa ya mtoto. Mke wangu ananitazama, mikono kiunoni: "Mimi hujawahi kunibebea hata kikombe."