Kanga ya Marehemu Mama Mkwe

Baba mkwe wangu nimempikia miaka yote bila kumtazama usoni. Kwetu Ipyana, katika familia zinazoshika mila za Kinyakyusa, mkamwana na baba mkwe hawakutani. Nikisikia kikohozi chake tu, narukia migombani. Na mwili wangu huu mkubwa, iliyopata shida ni migomba. Chakula kilipelekwa na wifi yangu, binti yake.

Kisha kichwa cha mzee kikaanza kusahau. Wifi akampeleka hospitali, mimi nikafuata kwa mbali kama mwizi wa kuku. Daktari alipotoka nje nikamkimbilia kuuliza dawa.

"Zinatafutwa, mama. Shida ubongo una ukuta wake. Dawa ndogo zinapenya. Hizi kubwa, za protini, zinagonga ukuta zinarudi. Sasa wataalamu wanazitengeneza zishike mlango ambao ubongo unapokelea madini ya chuma. Ubongo unadhani ni mzigo wake wa kila siku, unazivuta ndani."

"Kumbe kama mimi na wifi! Mimi ndiyo dawa kubwa, siingii. Chakula changu kinaingia naye."

Akacheka. Kwa mtu aliyeishia kidato cha pili, nilijiona profesa.

"Hapa zipo?"

"Bado, mama."

Mwezi uliofuata wifi akavuka mpaka wa Kasumulu kwenda kuuguza mkwe wake Malawi. Mzee akagoma kula. Kila aliyempelekea sahani alimfukuza kwa fimbo. Siku ya tatu nikachukua kanga iliyokuwa juu sandukuni, nikajifunika mpaka puani, ndiyo heshima, nikaingia kinyumenyume na wali na samaki mbasa.

"Umerudi," akasema.

Ilikuwa kanga ya marehemu mkewe, niliyorithi.

Akala yote. Tangu hapo naivaa kila mchana. Anauliza nilikuwa wapi, namjibu kwa sauti ndogo: shambani, kisimani. Mwanzoni nilikuwa natunga. Siku hizi jibu linatoka kabla sijaliwaza, na majina ya majirani wa zamani nayataja, wakati mimi naolewa hapa walishakufa wote.

Jana alimaliza kula, akasukuma sahani.

"Mwambie mkamwana wetu ndaga fijo, asante sana, anapika vizuri. Nasikiaga anavyorukia migombani. Mwambie asije akavunjika mguu kwa ajili yangu."

"Nitamwambia," nikajibu.

Nikatoka, nikavua kanga, nikaikunja, nikairudisha sandukuni. Nikakaa jikoni. Salamu nilizotumwa nimpe mkamwana bado hazijanifikia.