Herieth, Mtanzania anayehesabu vituo vya ‘basi la pembe’ Guangzhou

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, Sanyuanli ndiyo kwanza inapiga miayo. Muuza maziwa ya soya anafungua masufuria yake, mlinzi wa jengo la maduka ya jumla anafagia ngazi, na Herieth Mbwambo ameshasimama kituoni na mwavuli wake kwapani, akichungulia barabara kama mtu anayesubiri mgeni.

Basi linatokea. Ni basi la umeme lenye vyuma viwili virefu juu ya paa, vinavyoteleza kwenye nyaya zilizotandazwa juu ya barabara. Watanzania wa hapa wanaliita basi la pembe. Herieth anapanda, anagusisha simu kwenye mashine ya nauli, anakaa nyuma ya dereva na kukunja kidole cha kwanza.

“Moja,” anasema kwa sauti ya chini mlango unapofunguka kituo kinachofuata.

Baada ya kituo cha tatu dereva anapunguza mwendo. Mbele barabara imezibwa kwa mabati ya bluu na nyuma yake mashine inachimba. Juu ya paa kinasikika kishindo: ko! Pembe zimeshushwa. Basi linaacha nyaya zake, linakata kushoto na kuzunguka mitaa ya nyuma kwa nguvu ya betri, na vituo vinne vya njia yake ya siku zote vinarukwa bila kusimama.

Upande wa pili wa uzio fundi mwenye fulana ya chungwa anavuta kamba na kurudisha pembe kwenye nyaya. Herieth anampungia mkono dirishani. “Zao, shifu!” Yaani habari za asubuhi, fundi. Fundi anaitikia kwa kichwa. Mwaka mzima wanasalimiana hivyo na hawajuani majina.

Kidole cha saba kinapokunjwa, basi linasimama mbele ya hospitali. Herieth anashuka, anasogea pembeni kukwepa kelele, anashika simu karibu na mdomo.

“Ndugu zangu, habari za asubuhi. Leo njia ni ile ya jana. Sanyuanli mpaka hospitali hesabuni saba, siyo kumi na moja. Kishindo cha paa kisiwashtue, hamjapotea. Asiyeelewa anipigie.”

Ujumbe huo unawafikia watu 412, wengi wao wafanyabiashara wa Kitanzania, na Wakenya na Wakongomani wachache. Hakuna anayemlipa hata yuan moja.

Kazi inayompa mkate ni kupokea wateja katika ofisi ya kusafirisha mizigo hapo Sanyuanli. Anawaongoza wageni kwenda Kangle kununua nguo, Shiling kununua mikoba, anawaombea bei kwa malaoban, yaani wenye maduka, na anawatuliza wanapoambiwa “meiyou”, hakuna, wakati mzigo wanauona kwa macho yao. Mshahara wake ni yuan 6,000 kwa mwezi. Chumba analala na mwenzake wa ofisini, Chausiku wa Tanga, na nusu yake ya kodi ni 1,800. Ada ya watoto wake wawili walioko Same ikishatoka, kinachobaki hakijai kiganja.

“Asikudanganye mtu kwamba huku tunaokota,” anasema.

Msomaji atauliza, vituo vinahesabiwa kwa nini? Kwa sababu mgeni wa Guangzhou hasomi maandishi ya Kichina, na majina ya vituo yanayotangazwa ndani ya basi humpita sikioni. Kwa hiyo Watanzania waliotangulia kufika, tangu zamani, hawamfundishi mgeni jina la kituo. Wanamfundisha idadi. Panda hapa, hesabu sita, shuka. Panda pale, hesabu tisa, shuka. Herieth mwenyewe alifundishwa hivyo alipofika mwaka 2013, akawafundisha mamia hivyo hivyo, na mambo yakaenda.

Yalienda mpaka barabara ilipofungwa.

Mwaka jana alimpokea Mzee Eliakimu Mwaipopo, muuza nguo wa Mbeya mwenye miaka 67, na mkewe, Mama Albina. Walikuja pamoja kama walivyozoea, yeye akibeba mabegi, mkewe akichagua vitambaa. “Mimi macho ya nguo sina,” mzee anapenda kusema. “Duka lilikuwa lake. Mimi nilikuwa mchukuzi tu.”

Siku ya nne Mama Albina alianguka hotelini kwa kiharusi. Akalazwa chumba cha wagonjwa mahututi. Hakufungua macho, hakusema neno. Ndugu waliruhusiwa kumwona nusu saa tu kwa siku, kuanzia saa tisa alasiri.

Siku mbili za kwanza Herieth alimsindikiza mzee. Siku ya tatu mzee akasema imetosha, binti ana kazi zake. Akafundishwa: basi la pembe, vituo kumi na moja. Siku saba akaenda peke yake na hakukosea hata mara moja. Alikuwa akifika nusu saa kabla ya wakati, anakaa kwenye benchi la ukumbini, kofia magotini.

Jioni ya siku ya tisa, Herieth akirudi nyumbani, aliona karatasi ya njano imebandikwa kituoni. Kichina chake cha kusoma ni cha kubahatisha, lakini hiyo aliielewa: kuanzia kesho barabara inafungwa, basi litazungushwa, vituo vinne havitatumika. Akaipiga picha. Akaandika ujumbe kwenye kundi la wateja wake. Akakumbuka kwamba mzee hasomi maandishi madogo ya simu, akajiambia atampigia asubuhi.

Asubuhi akaamkia Kangle na wateja watano. Saa saba na nusu mchana, katikati ya vitambaa na kelele za pikipiki, simu ikaita. Alikuwa Mzee Eliakimu.

“Aliniambia, ‘Mwanangu, ndiyo natoka sasa, usihangaike.’ Nikamjibu, ‘Haya baba, nenda salama.’” Herieth anakunja na kukunjua mkanda wa mwavuli. “Picha ya ile karatasi ilikuwa kwenye simu hiyo hiyo niliyoishika sikioni. Nikamwambia nenda salama.”

Mzee akapanda. Akahesabu kumi na moja, akashuka. Hakuona duka la dawa wala meza ya matunda anayoijua. Mbele yake palikuwa na daraja na ukuta mrefu, vituo vinne kupita hospitali. Akaonyesha watu kikaratasi cha anwani. Mmoja akamwelekeza kulia, mwingine kushoto. Mwishowe mama mmoja mwenye kikapu cha mboga akamshika mkono, akamvusha barabara, akampandisha basi la kurudi. Alifika saa kumi na robo. Mlango ulikuwa umefungwa.

Muuguzi alipiga simu kwa Herieth amtafsirie mzee. Maneno aliyosema ndiyo yanayomtoa Herieth kitandani kila alfajiri mpaka leo. Saa tisa na dakika kumi, mgonjwa alikuwa amefungua macho. Alikuwa akitazama mlango. Alisema kitu, lakini hakuna aliyejua lugha yake.

Kabla ya saa tisa ya siku iliyofuata, Mama Albina alikuwa amefariki.

Wiki ile ya kushughulikia vibali vya kusafirisha mwili, mzee alikuwa akipelekwa kwa gari la ofisi. Ndani ya gari hilo alimwambia Herieth maneno haya: “Nimezeeka, mwanangu. Hata kumi na moja zimenishinda. Sijui nilisinzia?”

Herieth akasema, “Pole, baba.” Basi. Karatasi ya njano hakuitaja.

Tangu mzee aondoke ndipo alipoanza kupanda basi la kwanza kila siku, maana ujenzi husogea, na wiki hii uzio uko hapa, mwezi ujao uko kule. Watu wakamsifu. Wapo waliomletea hadi mchele wa Kyela. Kadiri walivyomsifu ndivyo alivyokosa usingizi. Chausiku, aliyelala naye chumba kimoja na kumsikia akihesabu ndotoni, ndiye pekee aliyejua.

“Nilimwambia ukweli wake,” Chausiku anasema. “Shoga yangu, mficha maradhi kilio humfichua. Wewe unatibu mji mzima, na yule uliyemjeruhi umemwacha na kidonda. Mpigie! Akasema kwenye simu hawezi. Nikamwambia basi muombe Mungu mzee arudi.”

Mzee alirudi. Juma lililopita alishuka uwanja wa ndege akiwa peke yake, na begi moja. Alikuja kununua mzigo wa duka, na alikuwa na vitenge viwili alivyotaka kumpa yule muuguzi. Akaomba apelekwe hospitali kwa basi la pembe. Herieth alimruhusu mwandishi wa makala haya afuatane nao kwa sharti moja: lisiandikwe neno kabla hajamwambia mzee ukweli.

Alimwambia kituoni, saa nane mchana, jua likiwaka. Hakuzunguka. Alimwonyesha picha ya karatasi ya njano na tarehe yake. Akasema, “Baba, siku ile barabara ilifungwa. Basi liliruka vituo vinne. Mimi nilijua tangu jana yake. Uliponipigia nilijua, nikasahau, kisha nikaogopa kukuambia.”

Mzee Eliakimu aliitazama simu muda mrefu. Basi moja likaja, likaondoka.

“Kwa hiyo sikusinzia?”

“Hukusinzia, baba.”

“Nilihesabu kumi na moja?”

“Ulihesabu sawasawa. Kumi na moja kamili.”

Hapo mzee akavua kofia, akajifunika nayo uso, na akalia mbele za watu. Wapita njia wakageuka. Herieth akapiga magoti palepale kwenye sakafu ya kituo, na yeye machozi yakamshinda.

Alipoondoa kofia, sauti ya mzee ilikuwa kavu. “Mwaka mzima, Herieth. Mwaka mzima nimelala nikijiambia, Albina alikuita, na wewe mume mzima umeshindwa kuhesabu. Watoto wangu nimewaambia hivyo. Kaburini nimesema hivyo. Ulikuwa na neno moja la kuniondolea hilo, ukakaa nalo.”

“Nilikaa nalo, baba.”

“Sisemi nimesamehe. Nikisema leo nitakuwa muongo.” Akavaa kofia. “Inuka. Saa tisa inakuja.”

Wakapanda. Mzee alikaa dirishani na kuhesabu kwa sauti, kama mtoto wa darasa la kwanza, wala hakujali nani anamtazama. Moja. Mbili. Tatu. Pembe ziliposhuka na paa likapiga ko, alimshika Herieth mkono bila kumtazama, na hakuuachia mpaka pembe ziliporudi juu. Nne. Tano. Sita. Saba.

Walifika saa tisa kasoro dakika kumi. Muuguzi alimkumbuka. Mzee akampa vitenge, kisha akakaa kwenye benchi lile lile, kofia magotini, mpaka saa tisa na nusu ilipotimia. Kisha akasema twendeni.

Matangazo yanasema barabara itafunguliwa mwishoni mwa mwaka. Herieth anasema hata ikifunguliwa hataacha, maana nyingine itafungwa mahali. Anapanga kuwatengenezea wageni vitabu vidogo vya picha za vituo: duka la dawa, meza ya matunda, saa ya ukutani, ili mtu ajue aliposhuka hata hesabu ikimponyoka.

Alipoulizwa anatamani nini kwa ajili yake mwenyewe, alimtaja mzee. “Zamani alikuwa akiniita mwanangu. Tangu siku ile ananiita Herieth. Natamani aniite tena.”

Asubuhi iliyofuata ile safari ya hospitali Herieth alikwenda kupanda basi la kwanza kama kawaida, akakuta mzee yuko kituoni kabla yake. Wakapanda. Walihesabu pamoja. Waliposhuka hospitalini, mzee akanyoosha mkono kuomba simu.

Watu 412 waliamka wakasikia sauti wasiyoijua, sauti yenye mkwaruzo na lafudhi ya Kinyakyusa.

“Ndugu zangu, naitwa Eliakimu, wa Mbeya. Barabara bado imefungwa. Msihesabu kumi na moja, hesabuni saba.” Yakasikika magari yakipita. “Asiyeelewa ampigie Herieth. Atakwambia ukweli.”