Kola ya Inchi Kumi na Saba

Fundi Kola, mshona mashati, alisafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki. Figo zilimtoroka kwanza, mke akafuata. Kila alipolalamika kwamba anasikia baridi juani na kwamba hata kukanyaga cherehani kunamchosha, alijibiwa, "Ndiyo mambo ya figo hayo." Mwanawe naye alisema hivyo hivyo kwenye simu, kisha akakata.

Siku moja akajishonea shati kwa kipimo chake cha miaka yote, kola inchi kumi na tano na nusu. Kifungo cha juu kikagoma. Hasira zikampanda: yeye, akosee kola? Akajizungushia futi yake shingoni. Kumi na saba, na mwili wenyewe umebaki mifupa!

Akaenda kliniki na futi mkononi. Nesi akampapasa koo, damu ikapimwa. Tezi ya shingo ilikuwa imevimba na kuzembea kazi. Baridi na uchovu vilitoka huko. Akaandikiwa vidonge.

"Baba, nyumbani nani aligundua?" nesi akauliza, akitaka kuandika.

Fundi akaikunja futi taratibu.

"Andika futi. Mwaka mzima, kabla yako, ni hii tu iliyonigusa shingo."