Mimbari Isiyopigwa Polishi

Mume wangu ni seremala, na mtaani walimwita Fundi Kesho. Ukimwuliza kabati lako, kesho. Kitanda cha bibi harusi, kesho, hata kama harusi ilishapita. Mikono yake iliijua kazi, tatizo lilikuwa koo. Pombe ikikosekana alikunywa spiriti, ileile ya kuloweshea polishi, anaichanganya na maji huku ananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemkosea.

Akaokoka, na hata kuokoka kwenyewe aliokoka kwa namna ya kunichosha. Aliitwa kanisani kutengeneza mabenchi, akaenda amelewa, akajilaza chini ya benchi eti anakagua misumari, usingizi ukamchukua. Alipozinduka, kina mama wa maombi walikuwa wamemzunguka, macho wamefumba, wanamwombea kwa sauti za kuezua bati, wala hapakuwa na pa kupenya. Alirudi nyumbani analia, ananiambia Yesu amemkuta chini ya benchi. Nilimwambia akaoge. Alishawahi kuokoka kabla ya hapo, na wokovu wenyewe uliishia kilabuni.

Safari hii haukuishia huko. Aliacha pombe ghafla, akatetemeka mpaka kitanda kikawa kinagonga ukuta. Nilifua mashuka nikinung'unika, naye kanishika mkono anaita "Yesu, Yesu", mpaka jirani akabisha hodi kuuliza kama tumefiwa. Mchungaji alileta daktari, kisha akawa anakuja kuketi naye bila mahubiri yoyote, wanakunywa chai yetu wawili hao. Polepole mikono ikatulia. Nilifurahi mno, na nilikuwa nimechoka mno.

Mnadhani nilipumzika? Polishi yetu ni vipande vikavu kama vya gundi vinavyoloweshwa kwenye spiriti mpaka viyeyuke, na harufu yake hujaza karakana nzima. Fundi akakataa kuigusa. Akawa anatengeneza viti vizuri kupindukia, halafu anavipanga vikavu kama kuku walionyonyolewa. Wateja wakaja juu. Nani apige polishi? Mimi, niliyekuwa na cherehani yangu na mambo yangu. Spiriti tukaiweka kwa jirani fundi viatu, nikawa naifuata huko kila ninapoihitaji. Nikishaanza kazi, Fundi anatoka, anasimama ng'ambo ya uzio na kunifokea:

"Mama Pacha, fuata mistari ya mbao!"

"Si uje ufanye mwenyewe?"

"Siji! Kitambaa hicho kikunje vizuri!"

Haoni kitu, anasikiliza tu kitambaa kinavyolia. Angekuwa mume wa mtu mwingine ningecheka.

Ndipo kanisa likataka mimbari mpya, maana ya zamani ilikuwa imeliwa na mchwa. Fundi aliiunda kwa moyo wake wote, nami nikaandaa vitambaa vyangu. Kabla sijaanza akaingia mzee wa kanisa, mtu mwema, ana suti moja na maneno elfu, kabeba dumu la spiriti. Akalitua katikati ya karakana.

"Hii Fundi ataipiga polishi mwenyewe," akasema. "Iwe ushuhuda. Watu waone Bwana amemfungua kabisa."

"Mzee, ushuhuda si huu hapa? Anakunywa chai!"

"Mama Pacha, unamvunja mumeo imani."

Nilimtazama Fundi nikitegemea atakataa. Badala yake alilishika dumu akalisogeza ukutani, uso unamng'aa. Kwa miaka mingi hapakuwa na mtu wa kumwazima hata nyundo, na sasa kanisa zima linamwamini. Angekataaje?

"Nitaomba kwanza, ndipo nifungue," akaniambia mzee alipoondoka.

"Omba, kisha unipe mimi."

"Mama Pacha, hebu niache."

Nikamwacha kwa hasira, nikaenda kupeleka nguo za mteja. Wakati wa kurudi nilianza kutega sikio tangu kwenye kona ya mtaa. Kimya. Hakuna randa, hakuna nyimbo zake za kukosea maneno. Mlango wa karakana ulikuwa umefungwa kwa kufuli, na harufu ya spiriti ilikuwa inatokea chini ya mlango. Nilidhani amelionja dumu, kisha akafunga mlango na kwenda kutafuta pombe nyingine. Akilini niliwaona mapacha wangu wakivuka tena barabara, kama zamani, ili wasikutane na baba yao. Nikaupiga ule mlango kwa viganja, nikamtukana yeye, nikamtukana na mzee wa kanisa, nikamwuliza Mungu kama ameona walichofanya watu wake.

"Niko huku."

Alikuwa nyuma ya nyumba, kaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, shati limelowa jasho. Nilimnusa mdomo kama nilivyozoea. Chai.

"Nilifungua dumu," akasema. "Nikaomba. Kiu haikuondoka. Nikaomba tena, ikazidi. Nikasema, Yesu, kama huiondoi hii kiu, basi niondoe mimi hapa. Nikajikuta nje."

"Ufunguo uko wapi?"

Akaonyesha juu. Alikuwa ameutupa kwenye bati.

"Baba Pacha! Si tuna huo huo mmoja tu?"

"Ndiyo maana niliutupa."

Nilitaka kumpiga. Nikamkumbatia, naye akalia, na mimi nikalia, huku nikiwaza nani atapanda kwenye lile bati bovu. Mwishowe tulivunja kufuli. Fundi viatu akaja kulichukua dumu, na mimbari ikapelekwa kanisani kavu hivyohivyo, kwa sababu Fundi alisema inakwenda kama ilivyo.

Jumapili mzee wa kanisa alipoiona alikunja uso. Fundi akasimama kando ya mimbari, mikono mfukoni.

"Mliambiwa mtaona nimefunguliwa," akasema. "Nimeokoka, na kiu bado ninayo. Hii haijapakwa kitu kwa sababu nilikimbia. Yesu alinisaidia kukimbia. Ushuhuda wangu ndio huo, sina mwingine."

Kina mama wa maombi wakaitikia amina, na mchungaji akapanda, akaupapasa ule ubao mkavu, akahubiri hapohapo. Baada ya ibada mzee wa kanisa alinifuata, macho yako chini.

"Nisamehe, Mama Pacha. Nilidhani namwinua."

"Njoo kesho na nguo za kazi," nikamwambia.

Akaja na suti, maana hana akili. Tukaanza kupiga polishi mle kanisani, mimi upande huu, yeye ule, madirisha yako wazi. Hatukufika mbali.

"Mzee, unakwenda kinyume!" Fundi akafoka kutoka uani. "Fuata mistari ya mbao! Mama Pacha, mwangalie huyo!"

Mzee akaacha kazi, jasho linamtiririka kwenye tai.

"Huyu huwa hanyamazi?"

"Hanyamazi."

"Mwambie basi apunguze. Hapa ni kanisani."

"Mwache, mzee," nikasema. "Kelele hizo ndizo nilizomwomba Mungu."

Nikalowesha kitambaa upya, nikakikunja kama nilivyofokewa, nikaendelea.